Dakika Nne za Wifi Yangu

Jamani, niacheni niseme, maana nisiposema nitapasuka. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeogopwa na kanisa zima kwa kengele yake ya kuwakatiza wanaopitisha muda, ndiye huyo huyo aliyechelewesha ibada kwa dakika hamsini na mbili. Mama Dakika! Watu bado wananisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli. Nawajibu ni kweli tupu, na wa kulaumiwa ni mimi, na sijutii hata kidogo.

Kwanza mumjue. Ni fundi saa. Duka lake ni jembamba, ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Chini ya dirisha kuna meza yenye ukingo ulioinuka, na aproni yake ina vifungo viwili anavyovipachika kwenye ukingo huo akikaa kazini, ili skrubu ikimponyoka iangukie mapajani na isipotelee sakafuni. Skrubu zenyewe ni ndogo kuliko chawa. Jicho la kulia analiwekea lenzi, la kushoto analiacha kwa ajili ya kukutazama wewe uliyeleta saa iliyoingia maji. "Uliogea nayo?" atakuuliza. Ukikana, anaifungua, anaimimina maji mbele yako, kimya kimya, kisha anaendelea na kazi. Siku hizi wengi wanatazama saa kwenye simu, lakini hata hao wanampitia, maana saa za ukutani zingalipo majumbani, na saa ya marehemu haitupwi.

Ukutani ana saa thelathini na moja, zote zinasema jambo moja. Saa kamili ikifika zinagonga kwa pamoja, na mimi kwenye saluni yangu ng'ambo ya barabara namwambia ninayemsuka, "Tulia, zipite." Namtania, "Wifi, siku ukifa hizi saa zitakulilia wiki nzima." Ananijibu, "Na wewe siku ukifa masikio ya watu yatapumzika." Ndivyo tulivyo. Tunakunana kwa maneno tangu siku niliyoolewa, na ninampenda mpaka nakasirika.

Sasa, ukuta mmoja wa duka hilo si ukuta wa kweli. Ni mbao nyembamba iliyopigiliwa misumari. Nyuma yake yuko mume wangu, Fundi Redio. Zamani lilikuwa duka moja la baba yao. Mzee alitengeneza vyote viwili. Binti akashika saa, mwana akashika redio, wakawa wanafanya kazi migongo imegusana, wanapokezana koleo bila kugeuka. Leo mbao imekatiza katikati, na kwa miaka saba maneno yao yote yamepita kwangu. "Mwambie jirani yako apunguze redio, sisikii springi." Naenda. "Mwambie jirani yako saa zake zinanivurugia spika." Narudi. Mbao yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba kila mmoja ameshamsikia mwenzake kabla sijafika, lakini wapi! Lazima nizunguke mlango nikaseme upya. Nilikuwa posta, tena posta isiyo na likizo.

Chanzo ni mazishi ya mzee. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye kazi ya minara ya redio, safari ya mchana na usiku. Alituma ujumbe: nakuja, ningojeni. Mazishi yalipangwa saa nne asubuhi. Saa nne ikafika, yeye hajafika. Mchungaji akamgeukia binti mkubwa wa marehemu, akamwuliza, "Tungoje kidogo?" Mimi nikasema tungoje, lakini nani anamsikiliza mkwe aliyebeba mtoto mchanga? Wifi alitazama saa ya mkononi, saa ya baba yake mwenyewe, akasema, "Saa nne ni saa nne. Baba hakuwahi kuchelewa." Wakaanza. Mume wangu alifika saa tano kasorobo. Kaburi limeshasawazishwa, watu wananawa udongo mikononi. Alisimama pale, vumbi limempanda hadi magotini. Tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake. Na dada naye hakuomba radhi, maana ukimgusia tu alikujibu, "Saa ilipangwa na wote waliijua."

Kanisani ndiko walikonichosha zaidi. Dada anakaa mbele kabisa, kwenye kimeza chake chini ya mimbari, na kengele na ratiba na kalamu. Mdogo wake anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ukifika wakati wa mkate na kikombe, mume wangu anainuka anatoka, eti anakwenda kuangalia pikipiki. Miaka saba! Pikipiki ile ingekuwa mtoto, asingekuwapo mtoto aliyelelewa vizuri kama yeye. Mimi nabaki benchini nimeinamisha kichwa, nakula mkate wa ushirika peke yangu kama mjane.

Na mwaka huu akapata kazi mji mwingine. Makasha ya spika yakafungwa kamba. Tulikuwa tuhame mwisho wa mwezi, na kila nilipoyatazama yale makasha nilijua kwamba tukiondoka hivi, hawa wawili hawatasemeshana tena duniani. Mteja alikuwa ananiuliza mbona kichwa chake kimelowa. Nilikuwa nalia huku nasuka.

Basi hapo wakaingia wageni.

Niseme kweli, hawakuingia siku hiyo, walikuwapo siku zote. Jengo letu linatumiwa jioni na makanisa matatu ya watu waliotoka nchi za mbali: wafanyakazi wa viwandani, manesi wa hospitali kuu, na mafundi wa barabara mpya. Kila kundi na lugha yake na namna yake. Miaka mingi tulikuwa tunapishana nao mlangoni tu, sisi tunatoka, wao wanaingia, "habari", "nzuri", basi. Ukituuliza tunajua nini kuhusu Wakristo wa dunia nzima, jibu letu lilikuwa moja: hawarudishi viti mahali pake. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameandika mpaka barua kuhusu viti.

Jumapili moja Mchungaji akasimama akasema, "Tumekuwa wenye nyumba vya kutosha. Mwezi huu tutakuwa wanafunzi." Akaeleza kwamba kila Jumapili kundi moja la wageni litaongoza ibada yetu ya asubuhi kwa namna yao, nasi tutafuata. Mzee wa Viti akanyoosha mkono. "Na wakikosea?" Mchungaji akamwuliza, "Wakikosea nini?" Mzee akafikiri, akaketi. Mimi nilitamani kupiga vigelegele hapo hapo. Ibada zetu ni nzuri, sikatai, lakini nazijua kwa moyo. Naweza kusinzia kwenye tangazo la kwanza nikaamka kwenye baraka na nisiwe nimepitwa na kitu.

Jumapili ya kwanza walikuja wa viwandani. Lo! Kwetu mtu mmoja anaomba, wengine tunaitika amina. Kiongozi wao akasema tuombe, na watu sitini wakafungua midomo kwa mpigo mmoja. Nikafumbua jicho kutafuta nani anaomba. Wote! Wifi akapiga kengele. Haikusikika. Akasimama akaipiga kwa nguvu, na bwana mmoja kando yake akadhani dada amefurahi, akaanza kumpigia makofi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu machozi yakageuka. Maana niligundua kwamba katikati ya kelele ile naweza kusema lolote. Nikamtaja wifi, nikamtaja mume wangu, nikamwambia Mungu nimechoka kuwa posta. Kwa sauti ya juu kabisa! Na hakuna aliyenisikia isipokuwa yule niliyekuwa nasema naye. Nilirudi nyumbani koo limekauka na moyo mwepesi, na kesho yake saluni nzima walipata habari.

Ya pili ikawa zamu ya manesi, na wao wakatukalisha kimya robo saa. Mimi, robo saa! Mume wangu aliniwekea mkono begani mapema, kama mtu anayeshika sufuria isifurike. Dakika ya tano nilikuwa nakaribia kufa. Dakika ya kumi nikaanza kusikia vitu. Benchi likilia. Tumbo la Mchungaji. Halafu mbele akakohoa wifi, kikohozi kikavu, mara mbili. Na nyuma akajibu mume wangu, kikavu, mara mbili. Kile kile cha marehemu mzee! Miaka yote naishi kati yao, sijawahi kusikia, kwa sababu nilikuwa nasema mimi.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya mafundi wa barabara. Kiongozi wao ni bibi mmoja mfupi, mama mkwe wa dereva wa greda, anayevaa koti kubwa hata kukiwa na jua la kupasua mawe. Sisi tulimwita Bibi Koti. Jumatano ya kabla yake walikuja dukani kwa wifi, yeye na huyo mkwewe wa kutafsiri, ili ratiba ipangwe. Nami nilikuwapo, nimeleta ujumbe wangu wa kila siku kuhusu spika.

Wifi alikuwa ameshapiga mistari kwenye karatasi. Nyimbo, dakika kumi na mbili. Somo, sita. Kila kitu kikaenda vizuri mpaka wakafika kwenye amani.

"Kabla ya kumega mkate," Dereva wa Greda akaeleza, "mkate unakaa umefunikwa. Bibi anauliza, tumefika wote? Mtu mwenye jambo na mwenzake anamwendea. Wakishapatana wote, ndipo kitambaa kinaondolewa."

"Dakika ngapi?" wifi akauliza.

Dereva akamwuliza Bibi. Bibi akacheka, akasema kitu kifupi.

"Anasema inategemea."

"Inategemea si muda. Tano? Kumi?"

Wakasemezana tena. "Anasema kuna mara moja walikaa mpaka jioni."

Wifi akatoa lenzi jichoni. "Jioni ya siku gani?"

"Ile ile, tunashukuru Mungu."

Nikaziba mdomo kwa mkono. Wifi akarudisha lenzi, akainamia karatasi, akaandika kwa herufi nzuri: Amani, dakika nne. Bibi Koti akatazama maandishi, akatazama saa thelathini na moja ukutani, akampapasa wifi mkono kwa upole. Na mimi nikagundua kwamba upande wa pili wa mbao redio ilikuwa imezimwa. Sijui imezimwa tangu lini.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje, maana habari za wiki mbili zile zilikuwa zimesambaa mtaa mzima, na mimi naikubali sehemu yangu katika kusambaza. Wa viwandani walikuja, manesi walikuja na sare zao. Mkate ulikuwa mezani, mkubwa, wa duara, umefunikwa kitambaa cheupe chenye pindo jekundu. Nyimbo zikaenda, somo likaenda, wifi anatia alama kwenye karatasi yake, anatabasamu. Kila kitu ndani ya dakika. Kisha Bibi Koti akasimama mbele ya mkate akauliza swali lake, na Dereva akatafsiri.

"Tumefika wote?"

Basi si tukainuka! Tukadhani ni kupeana mikono kama tunavyofanya sikukuu. Amani, amani, amani, huku na huku, dakika mbili tumeshaketi, tumeridhika kabisa. Bibi akatutazama, akauliza tena.

"Tumefika wote?"

"Ndiyooo!" tukaitika kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameshainuka, mkono uko kwenye komeo la mlango, anaiendea pikipiki. Nikatazama mbele. Wifi amechukua kalamu, anataka kutia alama kwenye amani. Nawaambia kweli, kitu kilinipanda kutoka kwenye unyayo. Nikasimama.

"Hapana!" nikasema. "Hatujafika!"

Kanisa zima likageuka. Nilisikia shingo.

"Hatujafika, Bibi. Wamebaki wawili. Mmoja yuko mbele ana kengele, mmoja yuko mlangoni anakimbilia pikipiki. Miaka saba sasa. Na mimi nimechoka kuwapelekea maneno, nimechoka, nimechoka!" Sauti ikanikatika hapo, nikaketi.

Dereva akatafsiri. Bibi Koti hakushangaa hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaingoja, akajifunika koti vizuri, akaketi kwenye ngazi mbele ya mkate, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Watu wake wakabaki wamesimama, mikono imefunguliwa mbele yao, kimya. Sisi hatukujua tusimame au tuketi, tukawa nusu hivi nusu vile.

Dakika nne zikatimia, na wifi, Mungu amsaidie, akapiga kengele. Mazoea! Bibi Koti akaiinamia ile kengele kwa heshima, nadhani akifikiri ni sehemu ya ibada yetu, akaendelea kuketi.

Dakika kumi. Mzee wa Viti akamnong'oneza Mchungaji, na Mchungaji akatikisa kichwa. "Leo sisi ni wanafunzi," akamjibu, tukasikia wote. Dakika ishirini. Watoto wakaanza kulia, wakabembelezwa, wakalala. Mimi hapo najilaumu. Nimefanya nini? Nimemwaibisha mume wangu mbele ya mataifa! Atasukuma ule mlango, ataondoka, hatakanyaga tena hapa, na nitakuwa nimeliharibu jambo lote mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Sikuthubutu kugeuka. Mwishowe nikageuka kwa jicho moja.

Alikuwa ameondoa mkono kwenye komeo. Ameegemea ukuta, macho chini, lakini yuko. Hakutoka. Ee Mungu wangu, hakutoka! Nilitaka kupiga kelele tena, nikajiuma mdomo.

Karibu nusu saa, Bibi Koti akaanza kuvumisha wimbo, mdomo umefungwa. Watu wake wakaupokea. Wa viwandani nao wakaingia, kisha manesi, kisha sisi, bila maneno, maana hatukuwa na maneno tunayoyajua wote. Sauti ile ilitoka kwenye sakafu. Niliisikia kwenye mbao za benchi. Sikujua kwamba kusubiri kunaweza kuwa ibada. Mimi nilidhani ni kupoteza muda tu.

Wifi alitazama saa yake ya mkononi. Akaitazama tena. Akaitazama mpaka sisi tuliokuwa tunamtazama tukaona aibu. Kisha akaweka kengele chini ya meza, na mikono yote miwili ikaenda kiunoni, kufungua vifungo vya aproni ambayo hakuwa ameivaa. Alipoona hakuna kitu cha kufungua, akainuka.

Kutoka kimeza chake hadi mlangoni ni hatua arobaini, nazijua. Alizitembea zote bila kumtazama mtu. Akasimama mbele ya mdogo wake.

"Mdogo wangu," akasema. "Siku ile Mchungaji aliniuliza tungoje. Mimi ndiye niliyekataa. Siyo saa. Mimi."

Mume wangu akainua macho.

"Niliogopa. Nilijua nikisimama pale kaburini dakika moja zaidi nitaanguka mbele za watu, na wewe hupo wa kunishika. Nikataka iishe. Nikaisingizia saa. Miaka saba naisingizia saa."

Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Mume wangu akafungua mdomo, akakohoa kikavu, mara mbili.

"Basi liliharibika kwenye njia panda," akasema. Jambo hilo hata mimi mkewe alikuwa hajaniambia. "Nikashuka. Nikakimbia, dada. Nilipofika kwenye kona nikawasikia mnaimba wimbo wa mwisho. Nikapiga kelele, ningojeni! Nikakimbia zaidi. Mlikuwa mnaimba, hamkunisikia."

Wifi alikunja uso kama mtu aliyechomwa. Mwanamke huyo sijawahi kumwona akilia, hata siku ya msiba, na sasa machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Ilinipasa kukungoja," akasema. "Hata kama ni mpaka jioni. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

Mume wangu akamshika mabega, akamvuta. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka, au labda dada ndiye alikuwa mdogo. "Nami nimekununia miaka saba," akamwambia kichwani. "Nisamehe na wewe. Nilikuwa nasikia saa zako zinagonga, nikawa nataka kubisha kwenye ule ubao."

Jamani! Msiniulize kanisa lilikuwaje. Wa viwandani waliomba wote kwa mpigo mmoja, na safari hii sisi nasi tulikuwamo. Manesi, wale wa kimya, walikuwa wanaruka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka na kumkumbatia mtu nisiyemjua. Bibi Koti akangoja tutulie, akasimama, akauliza mara ya tatu.

"Tumefika wote?"

Hapo hakuna aliyeitika kwa haraka. Watu walitazamana kwanza. Kisha, nawaapia, Mzee wa Viti akainuka, akajikongoja mpaka kwa kiongozi wa viwandani, akamwambia kuhusu ile barua. Walizungumza, wakashikana mikono. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaondoa kitambaa.

Mume wangu alikula mkate akiwa amesimama kati yangu na dada yake, na chembe zikamwangukia shatini, sikumpangusa. Aliyehesabu dakika hamsini na mbili ni mimi, kwa saa ya ukutani. Kwenye ratiba ya wifi, penye amani, pamebaki na zile dakika nne na hakuna alama. Karatasi hiyo ninayo, nimeibandika kwenye kioo cha saluni.

Kuhama tutahama, kazi ni kazi. Lakini Jumamosi iliyofuata tulikubaliana kukutana kaburini kwa mzee, saa nne asubuhi, zile sala zisomwe tena na mume wangu aweke udongo wake. Wazo lilikuwa la wifi. Alimwalika na Bibi Koti, akaja na koti lake na mkwewe.

Saa nne ikafika. Mume wangu, aliyekuwa amekwenda kupeleka makasha ya mwisho, hajafika. Saa nne na robo, hajafika. Mchungaji, yule yule wa siku ile, ana kitabu mkononi, akamgeukia binti mkubwa wa marehemu. Nikaona anasita. Akamwuliza, "Tungoje kidogo?"

Kabla hajajibiwa simu yangu ikalia. Ni mume wangu, anahema, maneno hayatoki sawasawa. "Tairi limepasuka! Nimeiacha pikipiki barabarani, nakuja kwa miguu, nakimbia, mwambie dada nakimbia!"

Nikampa wifi ujumbe neno kwa neno, posta yangu ya mwisho. Hakutazama mkono wake. Alivua mtandio, akautandika kwenye nyasi kando ya baba yake, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mwambie asikimbie," akasema. "Hatujaanza."